Uzi: Printa ya 3D na meno yetu. Mimi ni fundi wa maabara ya meno, ulizeni

#1 FundiPlasta (mtoa uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Printa inachapisha jino, sekunde ishirini tu limekwisha, linabandikwa mdomoni, mtu anacheka. Tangu juzi nimetumiwa na watu sita, wakiwemo shemeji yangu na mchungaji wetu, na wote wanauliza kitu kimoja: "Hii kwenu ipo?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, bora niweke uzi.

Mimi si daktari. Ni fundi wa maabara ya meno hapa Dar, mwaka wa 14 huu. Daktari unamwona, mimi hunioni. Yeye anachukua kipimo mdomoni mwako, mimi huku nyuma natengeneza meno ya bandia, krauni (kofia ya kufunika jino), daraja (jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani), na ile plastiki ya kulalia kwa wale wanaosaga meno usiku mpaka jirani anasikia. Nilianza na plasta, nta na taa ya spiriti. Miaka minne iliyopita bosi akaleta printa, nikaambiwa mimi ndiye nikajifunze kwa sababu "bado kijana". Nilikuwa na miaka thelathini na nane.

Sasa tuivunje hiyo video. Printa za maabara nyingi hazishindi zikichapisha meno ya kukaa mdomoni. Zinashinda zikichapisha vitu vinavyolizunguka jino: mfano wa taya, trei ya kuchukulia kipimo, kiongozi cha upasuaji, jino la majaribio. Jino lenyewe mara nyingi linatoka kwenye mashine nyingine kabisa, nitaieleza mkiuliza.

Mliowahi kupimwa meno kwa njia ya zamani mnaikumbuka aljineti, ule uji wa pinki unaojazwa kwenye trei ya chuma, unasukumiwa mdomoni, unaambiwa "pumua kwa pua" na wewe machozi yanakutoka, unataka kutapika. Ukishaganda unatolewa, unafungwa kwenye kitambaa kibichi, anapewa bodaboda auwahishe maabara. Aljineti ikipoteza maji inasinyaa. Boda akisimama njiani kula chipsi mayai, mimi namwaga plasta kwenye taya iliyopungua, na wewe unakuja kuambiwa krauni "inabana kidogo, utazoea".

Siku hizi kliniki yenye skana inapitisha kijiti chenye kamera mdomoni. Kinapiga picha nyingi mfululizo, kompyuta inaziunganisha, taya yako inatokea kwenye skrini na unaweza kuigeuza juu chini. Faili linakuja kwangu kwa intaneti. Haliwezi kusinyaa wala kusimama kula chipsi.

Nikishalipokea, naingia kwenye printa. Yetu ina beseni la resini, kimiminika kizito kama asali, na chini ya beseni kuna skrini inayofanana na ya simu. Sahani ya chuma inashuka ndani ya resini mpaka ibaki nafasi ya maikroni 50 tu, wakati unywele wa mtu una kama 70. Skrini inamulika umbo la tabaka hilo kwa mwanga wa zambarau, resini inaganda pale ilipomulikwa, sahani inanyanyuka, unasikia "tpa!" tabaka likibanduka, inashuka tena. Mfano wa taya wenye kimo cha sentimita 2 ni tabaka 400. Kazi inapanda kutoka kwenye beseni ikiwa kichwa chini miguu juu, kama popo. Na kwa sababu skrini inamulika tabaka zima kwa mpigo, taya moja na taya sita zenye kimo kilekile zinachukua muda uleule. Ndiyo maana kazi yako ya Jumatatu naweza kuichapa Jumanne: nasubiri wenzako wajaze sahani.

Halafu inakuja sehemu ambayo video imeikata. Kazi ikitoka inanata na inanuka. Unaiosha kwenye alkoholi ya isopropili mara mbili, unaikausha, unaiweka kwenye kisanduku cha mwanga na joto ikomae, unakata vishikizo (vijiti vilivyoishikilia wakati inachapwa), unasugua, unang'arisha. Hapo ndipo muda wangu unapokwisha.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Mjapani Hideo Kodama alichapisha maelezo yake mwaka 1981, na Mmarekani Chuck Hull aliomba hataza mwaka 1984, akaipata mwaka 1986. Kwenye meno iliingia kwa kishindo kupitia Align Technology, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1997, wale wenye trei angavu za Invisalign za kunyoosha meno. Na hata wao, kilichowapa jina si kuchapisha trei. Walichapisha mfano wa taya kwa kila hatua ya safari ya jino, kisha wakabandika juu yake plastiki iliyopashwa moto.

Nawasilisha. Leo printa inakesha, kwa hiyo na mimi nipo.

#2 Mzee wa Kitonga

Natandika mkeka hapa. Endelea fundi.

#3 Bint_Tandale

Kaka kwa hiyo krauni ya kuchapishwa haipo? Mimi mwezi uliopita nimewekewa krauni na dokta akasema "hii ya kompyuta".

#4 FundiPlasta

Ipo dada, ila "ya kompyuta" ni maneno mapana. Yako ninabahatisha ni zirkonia, aina ya kauri ngumu nyeupe, na hiyo kwa kawaida haichapwi, inachongwa. Unaweka tofali dogo jeupe kwenye mashine, visu vinazunguka huku maji au hewa vikipoza, vinatoa kisichotakiwa mpaka libaki jino. Printa inaongeza, mashine ya kuchonga inapunguza. Utamu wa zirkonia ni huu: inachongwa ikiwa laini kama chaki, na inachongwa kubwa kuliko jino lako kwa asilimia 20 hadi 25, kwa sababu ikiingia kwenye tanuri la nyuzi 1,500 hivi inasinyaa mpaka saizi yake na kuwa ngumu kweli. Mara ya kwanza nilipoitoa kabla ya tanuri nilidhani nimekosea, jino la nyumbu.

Printa kwenye krauni tunaitumia zaidi kwa ile ya muda, unayokaa nayo wiki chache ukisubiri yenyewe. Zimeshaingia resini zenye chembe za kauri ndani yake, watengenezaji wanasema ni za kudumu. Maoni yangu: kwa jino la mbele la mtu asiyesaga meno, sawa. Kwa gego la mtu anayetafuna mfupa wa mbuzi, bado naiamini zirkonia.

Na chuma kinachapishwa pia. Leza inayeyusha unga wa kobalti na kromi tabaka kwa tabaka, unapata fremu ya meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Mashine yake ni ya hela nyingi, sisi hatuna.

#5 KariakooBoy

Bei? Na usianze hadithi za njoo PM.

#6 FundiPlasta

Hahaha. Siweki bei kwa sababu maabara ni ya bosi, nikiweka hapa kesho sina kazi. Ila nikupe silaha. Resini iliyomo kwenye mfano mmoja wa taya ni kidogo, si hiyo inayokugharimu. Unalipia skana, programu, umeme, muda wa mtu anayechora, na kazi zilizoharibika. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ghali kwa sababu ni ya 3D", muulize sehemu gani imechapishwa. Kama ni mfano wa taya tu, na jino lenyewe limetengenezwa kama zamani, hiyo 3D imemrahisishia yeye kazi. Wewe ulipie jino.

#7 Daktari_wa_Mtandao

Hiyo plastiki mnayoganda kwa taa halafu mtu analala nayo mdomoni, haina sumu? Maana hapa kila kitu mnatuletea sisi kujaribia.

#8 FundiPlasta

Swali la haki. Resini mbichi si rafiki. Ni jamii ya methakrileti, ikigusa ngozi mara kwa mara inaleta mzio. Mwenzangu mmoja alikuwa anaosha kazi bila glavu kwa sababu "nakimbizana na muda", akaishia vidole kupasuka na kuwasha. Mpaka leo akikaribia beseni mikono inavimba, amehamia kwenye plasta moja kwa moja.

Iliyokomaa vizuri ni habari nyingine, mradi ni ile iliyotengenezwa na kupimwa kwa ajili ya mdomo. Hapo ndipo penye mtego. Chupa ya resini ya kutengenezea vinyago na ya kulalia mdomoni, ukizimimina kwenye beseni, macho hayakwambii kitu. Bei ndiyo inayotofautiana, tena sana. Na hata nzuri ikikomazwa nusu inabaki na kemikali zinazovuja. Dalili unaweza kuzigundua mwenyewe: ukipewa plastiki ya kulalia ikawa inanata, inanuka kemikali au ina ladha kali, usiivae kwa kuambiwa "utazoea". Irudishe.

#9 Wanjiku_254

Sasa wadau, niko Nairobi. Mimi nimewekewa implanti mwaka jana, gego la chini. Daktari alinivalisha kitu cha plastiki kama cha wachezaji wa ngumi, lakini kina shimo moja limezungushiwa pete ya chuma. Akapitishia hapo drili. Nilikuwa na ganzi kwa hivyo sikuuliza. Ndicho hicho?

#10 FundiPlasta

Ndicho hicho dada, na kwangu hiyo ndiyo kazi tamu kuliko zote za printa.

Ndani ya taya la chini kuna mfereji, na ndani ya mfereji kuna neva inayoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Implanti ni skrubu ya titani. Drili ikizidi kina ikaigusa neva, unaweza kubaki na kidevu chenye ganzi miezi, au maisha. Zamani daktari alitegemea picha bapa ya mionzi na mkono wake. Sasa wanapiga CT ya taya (picha ya mionzi inayoonyesha mfupa pande zote), wanailaza juu ya faili la skana ya mdomo, wanachagua kwenye skrini skrubu ikae wapi, ipinde kiasi gani, iishie umbali gani kutoka kwenye neva. Sisi tunachapisha hicho kiongozi. Ile pete ya chuma inabana drili isiyumbe, na kizuizi kinazuia isizame.

Ila kiongozi anaongoza hata kwenye shimo baya. Kama hakijakaa sawasawa kwenye meno, kila kitu kimepinda na kila mtu anajiamini. Ndiyo maana kwenye vyetu tunaacha vidirisha vidogo juu ya meno ya pembeni: daktari anachungulia, akiona uwazi kati ya plastiki na jino, hakigusi. Kimoja changu kilirudishwa namna hiyo. Nilikikomaza kikiwa kimelala vibaya, kikapinda kwa kiasi ambacho jicho halioni lakini jino linaona. Nilimshukuru sana yule daktari kwa kuchungulia.

#11 Meru_Kaskazini

Fundi, sisi wa huku Arusha meno yetu unayajua. Maji ya mlima yametupa rangi ya chai. Hiyo printa ina msaada au tuendelee kucheka tumefunga mdomo?

#12 FundiPlasta

Pole mkuu. Kwa wasiojua: maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto akiyanywa wakati meno yanatengenezwa ndani ya ufizi, yanatoka na madoa ya kahawia. Si uchafu, mswaki hauyatoi, na watu waache kuyasugua na mkaa na majivu.

Printa haitoi doa. Madoa mepesi daktari anaweza kuyapunguza kwa kung'arisha au kukwangua juu juu. Yaliyozidi yanafunikwa, na hapo ndipo nakusaidia. Kabla jino lako halijaguswa, nachora meno mapya kwenye kompyuta juu ya skana yako, nachapisha mfano, tunautolea umbo la silikoni, daktari anajaza nyenzo ya muda na kukubandikia juu ya meno yako jinsi yalivyo. Unajiona kwenye kioo. Unaongea, unasema "sasa", "fulana", "vifaa". Ukiona umekuwa na meno ya farasi, yanabanduliwa na hakuna kilichopotea. Usikubali jino kusagwa kabla ya hatua hiyo, maana jino likisagwa halirudi.

#13 Engineer_Mtarajiwa

Mkuu mimi nipo chuo, mwaka wa tatu, nina printa ndogo hosteli. Niliona kuna mwanafunzi Marekani alijinyooshea meno mwenyewe. Na mimi meno ya mbele yamepandana. Nishushe hesabu?

#14 FundiPlasta

Yupo kweli. Habari zake zilitoka mwaka 2016, mwanafunzi wa chuo cha teknolojia New Jersey, alitumia chini ya dola 60 na meno yakanyooka. Na yeye alifanya kama nilivyoeleza juu: alichapisha mifano, akabandika plastiki juu yake.

Hesabu zenyewe si ngumu. Kila trei inasogeza jino robo milimita hivi, unavaa saa 20 hadi 22 kwa siku, unabadilisha. Tatizo, mdogo wangu, ni kwamba skana yako inaona kichwa cha jino tu. Mzizi huuoni, mfupa huuoni. Jino halitelezi kama droo. Mfupa unaliwa upande mmoja na kujengwa upande wa pili, na kama ufizi una ugonjwa usioujua, unasukuma nguzo kwenye mchanga. Mtaani wanaosimuliwa ni wale yaliowanyookea. Chapisha taya lako, pima, jifunze, hilo nakuunga mkono kabisa. Usilivae.

#15 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mbona hamzungumzii taya zima? Mimi nipo wodi ya upasuaji, uvimbe wa taya tunauona sana. Watu wanakuja umeshakuwa kama embe dodo.

#16 FundiPlasta

Asante dada, hapa nilikuwa nakuja. Anaousema mara nyingi ni ameloblastoma, uvimbe unaoanzia kwenye chembe zilizotengeneza jino. Hausambai kama saratani nyingi, lakini unakula taya polepole, na hapa Afrika ndio unaoongoza kati ya uvimbe wa jamii hii ya meno. Wengi ni vijana. Dawa yake mara nyingi ni kukata kipande cha taya, kisha kuunganisha kwa bamba la titani.

Hilo bamba linakuja likiwa limenyooka. Bila mfano, mpasuaji analikunja pale pale mezani, mgonjwa amelala uso wazi, analijaribu, analitoa, analikunja tena, saa zinakwenda. Ukiwa na CT, unachapisha taya la mgonjwa siku chache kabla. Na ujanja wenyewe ni huu: upande ulioliwa haufai kupimia, kwa hiyo kwenye kompyuta unachukua upande mzima, unaugeuza kama kwenye kioo, unaubandika upande mbovu. Unachapisha taya ambalo mgonjwa angekuwa nalo asingeugua. Daktari analikunja bamba juu yake akiwa amekaa, anakunywa chai. Siku ya upasuaji bamba limeshachemshwa, linaingia. Mfano niliowahi kuchapisha wa hivyo niliushika muda mrefu kabla ya kuukabidhi. Ni plastiki tu, lakini ni sura ya mtu.

Wazungu walishafika mbali zaidi. Uholanzi bibi wa miaka 83 aliwekewa taya zima la chini la titani lililochapishwa na kampuni ya Ubelgiji, LayerWise. Upasuaji ulifanyika mwaka 2011, dunia ikatangaziwa mwaka 2012. Lilikuwa na gramu 107.

#17 Fundi Mkongwe

Nimesoma kimya. Mimi nimechonga nta tangu hujaoa. Hizi mashine zinaleta meno yanayofanana kama ya mdoli. Kijana, mkono wako utakufa.

#18 FundiPlasta

Shikamoo mzee. Sibishi, tena nikupe ushahidi wa upande wako.

Mwaka wa kwanza wa printa alikuja mama mmoja, mtu wa Tanga, meno yote ya juu yamekwisha. Nikachora kwenye kompyuta. Programu inakuja na maktaba ya meno: unachagua saizi, yanajipanga yenyewe kama askari kwenye gwaride. Nikachapisha ya majaribio, akavaa, daktari akampa kioo. Mama akatazama, akafunga mdomo, akasema taratibu: "Haya meno ya nani?" Tukadhani yanambana. Akasema hapana. "Mwanya wangu uko wapi?"

Mzee, kwenye nta ningepasha kisu, ningesogeza meno mawili mbele ya macho yake, dakika tano, tumemaliza. Kwenye ile maktaba mwanya haupo kabisa, aliyeitengeneza huenda anauhesabu ni kasoro. Nilimwomba picha ya harusi yake, nikakaa na kipanya mpaka usiku nikifungua milimita mbili katikati na kupunguza meno ya pembeni ili yapate nafasi. Nikaiwasha printa. Umeme ukakatika. Siku hizo hatukuwa na UPS, na printa ikizimika katikati kazi ni ya kutupa. Nikaanza upya saa nane usiku.

Sasa na mimi nidai changu. Miaka miwili baadaye mama yuleyule alikuwa anavuka kwenda Unguja, bahari imechafuka, kichefuchefu cha boti, akainama ubavuni, na meno yakaenda na chai ya asubuhi. Alipiga simu analia. Kwa nta ningemwambia arudi Dar, tuanze kipimo upya, wiki kadhaa anakula uji. Nikafungua faili, nikachapisha, nikang'arisha, kesho yake nikayatuma kwa boti ya mchana. Mwanya ulikuwemo.

#19 Fundi Mkongwe

Marahaba. Hapo kwenye boti umenishinda. Ila huo mwanya uliuona kwa sababu ulianzia kwenye nta.

#20 Bint_Tandale

Kaka jamani. Bibi yangu seti yake ya juu imevunjika mara tatu, anaunganisha na gundi ya viatu. Anasema aliyoizoea ndiyo hiyo hataki nyingine. Inaskanika?

#21 FundiPlasta

Inaskanika. Leteni vipande vyote, hata vidogo, na asiongeze gundi maana inaziba mpaka wa mvunjiko. Msiyaoshe kwa maji ya moto, yanapinda. Tutayaunganisha kwa muda, tuyaskani ndani na nje, tuchapishe nakala ya majaribio aende nayo kwa daktari wake akaangalie ufizi, maana ufizi wa leo si wa siku yalipotengenezwa. Umbo analolizoea ulimi wake litabaki. Aje nayo, asiyatume na boda.

#22 Bint_Tandale

Nimemsomea uzi wote. Kakubali kuja Jumamosi. Ila anasema yeye hakuwahi kuwa na mwanya maisha yake yote, na kama ni suala la kipanya tu, sasa anautaka.

#23 FundiPlasta

Mwambie achague milimita kabisa kabla hajafika.